Huruma katika hadithi za fantasia, za zamani na za sasa

Vijana wetu wengi wanazijua hadithi za fantasia kwa njia ya filamu kwenye simu, hata kama kitabu chenyewe hawajakiona. Wazazi na viongozi wa vijana hutuuliza kama hadithi hizi zinamfaa Mkristo. Jibu la ndiyo au hapana halitoshi. Tutaeleza kwanza zimetoka wapi, kisha tutazipima kwa jambo moja: zinasema nini juu ya huruma.

Chanzo chake

Fantasia ni hadithi inayotungwa juu ya ulimwengu usiokuwako, wenye falme, viumbe na nguvu zake za ajabu. Ngano za mababu hazina jina la mtungaji, lakini fantasia ni kazi ya mwandishi anayejulikana. Kati ya waliotangulia ni George MacDonald wa Uskoti, aliyekuwa mchungaji kabla ya kuishi kwa kalamu. Kitabu chake Phantastes kilitoka mwaka 1858. C. S. Lewis, mzaliwa wa Belfast, alikisoma mwaka 1916 akiwa kijana asiyemwamini Mungu, na baadaye alishuhudia kwamba kilianza kumwandaa kwa imani.

Lewis na rafiki yake J. R. R. Tolkien walifundisha Oxford. Tolkien, Mkatoliki, ni mmoja wa marafiki waliomsaidia Lewis kurudi kwa Kristo mwaka 1931. Wote wawili walikuwa wamepigana Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza: Lewis alijeruhiwa, Tolkien alipoteza marafiki wa karibu. Basi tusidhani kwamba hadithi za zamani ziliandikwa na watu wasioujua uovu.

Huruma inayozaa

The Lord of the Rings ya Tolkien ilitoka mwaka 1954 na 1955. Inahusu pete yenye nguvu kubwa: yeyote anayeitumia, hata kwa nia njema, mwishowe hutawaliwa nayo. Bilbo alipata nafasi ya kumwua Gollum, kiumbe mdanganyifu aliyeitamani pete hiyo, akamwonea huruma. Frodo naye alimwacha hai. Mwishoni Frodo anafika kwenye mlima wa moto, na pale anashindwa kuitupa pete. Gollum anamrukia, anaing'oa kwa meno pamoja na kidole, kisha anaanguka nayo motoni. Kama angekuwa ameuawa mapema, safari nzima ingekuwa bure.

Katika kitabu cha kwanza cha Narnia, cha mwaka 1950, Lewis anasimulia juu ya Edmund, mtoto anayewasaliti ndugu zake. Sheria inadai afe. Simba Aslan anakufa mahali pake, kisha anafufuka.

Huruma inayoleta kifo

Mmarekani George R. R. Martin alitoa A Game of Thrones mwaka 1996, na mfululizo wake wa televisheni ulionyeshwa kuanzia 2011 hadi 2019. Humo Ned Stark anagundua kwamba watoto wa malkia si wa mfalme. Kabla ya kumwambia mfalme, anamwonya malkia akimbie na watoto wake wasije wakauawa. Malkia hakimbii. Mfalme anakufa, Ned anakamatwa, na anakatwa kichwa. Martin hausifu uovu huo, lakini vijana wengine huondoka na fundisho kwamba wema ni ujinga. Tena mfululizo huo una uchi na ukatili mwingi. Haufai kwa watoto.

Hadithi za sasa si za aina moja. Philip Pullman, aliyeanza mfululizo wake mwaka 1995, anapinga waziwazi mamlaka ya kanisa. J. K. Rowling, ambaye vitabu vyake saba vilitoka kati ya 1997 na 2007, anamwonyesha Harry akikubali kufa kwa ajili ya wengine. Katika kitabu cha mwisho, makaburi mawili yameandikwa maneno ya Mathayo 6 na 1 Wakorintho 15.

Neno juu ya uchawi

Kwetu neno hili si mchezo. Watoto na wajane wamefukuzwa nyumbani kwa kushtakiwa uchawi. Katika vitabu hivi nguvu za ajabu ni chombo cha msimulizi, na kwa Tolkien swali zito ni tamaa ya kuwatawala wengine. Mzazi ana haki ya kumchagulia mtoto wake kitabu. Lakini mtoto asishtakiwe uchawi kwa sababu amesoma hadithi.

Namna ya kupima

Zaburi 73 inamwonyesha Asafu akiona waovu wakistawi, hata karibu miguu yake iteleze. Ned anaishi katika nusu ya kwanza ya zaburi hiyo, na sisi tuliozika watu wetu tunaijua nusu hiyo. Tolkien hairuki. Frodo anarudi nyumbani na majeraha yasiyopona, wala hapati tena raha katika nchi aliyoiokoa. Ila Tolkien anaendelea hadi nusu ya pili, pale Asafu anapoingia patakatifu pa Mungu.

Bilbo na Ned walifanya jambo lilelile: walihurumia bila kujua matokeo. Tofauti ni kama kuna mkono unaoyashika matokeo hayo. Huruma ya Kikristo haina ahadi kwamba italipa upesi, wala kwamba anayehurumia ataona matunda yake akiwa hai.

Kikundi cha vijana kinaweza kuzungumzia maswali haya baada ya filamu:

1. Nani alihurumiwa, na ilimgharimu nani?
2. Nguvu ilitumika kulinda au kutawala?
3. Kama Ned angejua mwisho wake, je, alipaswa kuwaacha watoto wale wauawe?