Vijana wa Gusii Baada ya Ebisarate

Mwaka 1908 Otenyo, mpiganaji wa Abagusii wa magharibi mwa Kenya, alimchoma mkuki ofisa wa Kiingereza, G. A. S. Northcote, na serikali ikajibu kwa msafara uliochoma nyumba na kuteka ng'ombe wa Abagusii. Kabla ya vita vya 1914 serikali hiyohiyo ikavunja ebisarate, kambi ambamo vijana waliishi wakilinda mifugo na mipaka ya ukoo. Amri hiyo ilivunja zaidi ya kambi: kijana aliyekuwa mlinzi alibaki bila zamu, na wazee hawakuwa na wajibu mwingine wenye heshima ya namna ile wa kumkabidhi. Ukristo wa Kisii na Nyamira, yaani Gusii, hueleweka vyema tukiuona kama jibu la pengo hilo.

Jibu lenyewe halikupokelewa upesi. Wamisionari Wakatoliki wa shirika la Mill Hill walifika Nyabururu mwaka 1911, Waadventista wakafuata Nyanchwa. Septemba 1914, Waingereza walipouacha mji wa Kisii mbele ya Wajerumani, wenyeji walizipora misheni zote mbili. Wengi walivutwa na Mumbo, imani iliyoanzishwa Alego, kwa Waluo, na Onyango Dunde mwaka 1913, iliyoahidi kwamba wazungu watatoweka na chakula kitapatikana bila kulima. Basi hata Mumbo alitoa kusudi? Naam, na hilo laonyesha kwamba kiu ilikuwapo kabla ya kanisa. Ila Mumbo alimtaka mfuasi angoje siku, ilhali kanisa lilimpa la kufanya kila juma: katekisimu ya kukariri, darasa la kusoma na, kwa Waadventista, Sabato inayodai kwamba Ijumaa, jua likizama, chakula kiwe kimeshaiva na jembe limewekwa chini.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba vijana walifuata kalamu na mshahara. Wengi ndivyo walivyoanza. Lakini Sheria ya Elimu ya 1968 iliweka shule za misheni chini ya serikali, mtoto akapata darasa bila mzazi kubatizwa, na bado Gusii imebaki ngome ya Waadventista na Wakatoliki. Faida ilimfikisha mtu mlangoni. Kilichombakiza ni kuambiwa kwamba Mungu amemwita, kisha kukabidhiwa wajibu. Leo mashamba yamegawanywa hadi vipande, na kijana asiye na ardhi anauliza swali lilelile la yule mlinzi asiye na zamu: wajibu wangu ni upi? Mahubiri yanayomwambia akae angoje muujiza yanampa ahadi ya Mumbo kwa jina la Kristo.