Wapiga Ngoma wa Salvador

Miaka ya 1920, ofisa wa polisi Pedro de Azevedo Gordilho alivuma mjini Salvador, Bahia, kwa kuvamia nyumba za ibada za Candomblé, dini ya Brazil yenye asili ya Afrika. Askari wake walibeba vifaa vya ibada, ngoma zikiwemo. Midundo hawakuibeba. Haikuandikwa popote, ilikaa mikononi mwa watu.

Iliingiaje mikononi humo? Kwa kukaa karibu. Ngoma ni tatu: rum, iliyo kubwa kuliko zote, kisha rumpi, na lé ndogo. Zinakwenda na kengele ya chuma, na mara nyingi mtoto wa kiume wa nyumba ile huanzia kwenye kengele. Anaigonga saa nyingi bila kuyumba, maana akiyumba yeye, wote wanapotea. Baadaye hupewa lé, halafu rumpi, akizichapa kwa vifimbo vyembamba viitwavyo aguidavi. Rum itamngoja miaka. Hiyo ndiyo inayozungumza na mchezaji aliyepandwa na orixá, yaani mungu wa dini hiyo, ikimwambia lini azunguke na lini atulie, na haikabidhiwi mtu ambaye bado anahesabu. Somo la kukaa chini na kuelezwa halipo, na mwenye maswali mengi huonekana hana subira. Akikosea, jicho la alabê, mkuu wa wapigaji, linatosha.

Nyimbo zina mlango wao. Mwari huzipokea akiwa ndani, kwa kuitikia mpaka zimkae, ingawa maana ya baadhi ya maneno ya Kiyoruba imekwisha kufifia.

Nyumba za Candomblé za upande wa Angola hupiga kwa viganja, na ngoma huiita ngoma. Hapo sisi hatuhitaji mkalimani: neno lilivuka Atlantiki na Wabantu waliouzwa utumwani.

Hadi 1976 nyumba hizi za Bahia zilitakiwa kuomba kibali cha polisi ili zifanye ibada. Miaka 30 baadaye, 2006, mwanamuziki Letieres Leite aliunda Orkestra Rumpilezz, jina lililounganisha ngoma zile tatu na jazi, akaiandika midundo ile kwa ajili ya tarumbeta na saksafoni. Kazi nzuri sana, ila karatasi haimfundishi mtu kumtazama mchezaji miguuni.

Mojawapo ya nyumba hizo, Gantois, iliongozwa na mwanamke, Mãe Menininha, tangu 1922 hadi alipofariki 1986. Neno lake ndilo lililokuwa la mwisho pale. Hata hivyo, kwenye rum, kwa desturi, walikaa wanaume, na katika nyumba nyingi ndivyo ilivyo hadi leo.