Shule ya Kiangazi Mjini The Hague

Msomaji mwema, nchini kwetu jina la The Hague likitajwa, wengi hukumbuka washtakiwa na mashahidi. Lakini mji huo wa Uholanzi una jambo jingine, la kale zaidi, ambalo yafaa kijana alijue. Mna shule ya sheria ambayo, mwezi wa Julai na Agosti, wakati sisi wa Limuru twajifunika mablanketi kwa baridi, hupokea wanafunzi kutoka pande zote za dunia.

Habari yake yaanza mwaka 1899. Mwaka huo wajumbe wa mataifa 26 walikutana mjini humo kutafuta njia ya kumaliza magomvi bila ya vita. Walitoka Ulaya, Asia na Amerika. Taifa la Afrika halikuwamo hata moja. Mkutano huo ulianzisha baraza la usuluhishi, na mwaka 1903 tajiri Andrew Carnegie akatoa dola milioni moja na nusu ili lijengewe nyumba. Jumba la Amani likafunguliwa tarehe 28 Agosti, 1913.

Sasa tazama jambo lililotokea kwetu mwaka huo huo. Wamasai waliokuwa wamehamishwa kutoka Laikipia walishtaki, wakisema kuwa mapatano ya mwaka 1911 hayakuwa halali. Mahakama iliitupa kesi yao. Ilisema kwamba mapatano yale yalikuwa mkataba baina ya mataifa mawili, kwa hiyo mahakama ya nchi haikuwa na uwezo wa kuyapima. Basi wangekwenda wapi? Nyumba ya sheria za mataifa ilikuwa imekwisha kujengwa, lakini mlango wao haukuwamo.

Shule ninayoisimulia ilianzishwa mwaka 1914 ili ifundishe ndani ya jumba hilo. Kabla haijafungua milango, vita vikuu vikazuka, na masomo hayakuanza mpaka tarehe 14 Julai, 1923. Vita vya pili viliyakatiza tena, yakarejea mwaka 1947. Yaani shule iliyowekwa ili kupunguza vita ilinyamazishwa na vita mara mbili, na mara zote mbili ilisimama tena.

Kiangazi kilichaguliwa kwa sababu nyepesi: vyuo vikuu vya Ulaya huwa vimefungwa, walimu na wanafunzi wana nafasi. Masomo ni ya mafungu mawili, kila fungu wiki tatu. Fungu moja lahusu sheria baina ya dola na dola: mipaka, bahari, mikataba, vita. La pili lahusu mambo ya watu binafsi yanayovuka mipaka. Kwa mfano, mtu wa Mombasa aoa Mholanzi, kisha afa, aacha shamba Kilifi na fedha Amsterdam. Urithi wake utagawanywa kwa sheria ya nchi gani? Mihadhara hutolewa kwa Kifaransa na Kiingereza, na hupigwa chapa. Vitabu vyake vimepita 400. Wapo pia wanaofanya mtihani wa stashahada, nao wanaoipata ni wachache sana.

Naam, na Mwafrika je? Mwaka 1971 Taslim Olawale Elias, mwanasheria wa Nigeria, alichapishiwa mihadhara yake ya shule hiyo. Maudhui yake yalikuwa uhalali wa mikataba: ni wakati gani mkataba huhesabiwa kuwa batili. Ni swali lile lile waliloliuliza Wamasai mwaka 1913, nao hawakujibiwa. Safari hii Mwafrika hakusimama nje akibisha hodi. Alikuwa ndiye mwalimu. Kuanzia mwaka 1982 hadi 1985 alikuwa Rais wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ambayo hukaa katika jumba hilo hilo.

Huenda ukasema kwamba mambo hayo ni ya mbali. La, hasha. Mwaka 2014 Somalia iliishtaki Kenya mbele ya mahakama hiyo kuhusu mpaka wa baharini. Kesi iliposikilizwa mwezi wa Machi 2021 Kenya haikushiriki. Tarehe 12 Oktoba hukumu ikatolewa, na mstari uliochorwa baharini haukuwa ule ambao Kenya iliutaka. Serikali yetu iliikataa hukumu hiyo. Lakini kukubali au kukataa, kote kwahitaji watu wanaoijua sheria inayobishaniwa.

Kwa hiyo, msomaji, usidhani kwamba kijana anayekwenda kusoma sheria Ulaya wakati wa kiangazi amekwenda kutembea tu. Sheria za mataifa ziliandikwa kwanza bila ya sisi kuulizwa. Dawa yake si kuzisusia. Anayezisoma ataweza kuzitumia, na hata kuzisahihisha. Asiyezisoma atasomewa na mwingine, naye hatakuwa na la kujibu.