Maisha ya Chomboni Zama za Matanga

Yatajwapo leo majina ya Kinondoni na Temeke, fikira za wengi huelekea kwenye barabara, masoko na msongamano wa magari, na ni nadra mtu kuzingatia ya kwamba, kabla Seyyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja, hajaanza kujenga majumba yake Mzizima, palipo leo Dar es Salaam, katika miaka ya 1860, mwambao huu ulikuwa umekwisha kufungamana na bahari kwa miji yake midogo: Kunduchi, Mbweni na Msasani kaskazini, na Mbwamaji kusini, ng'ambo ya Kigamboni. Ushahidi ungalipo Kunduchi, ambako makaburi ya kale yenye minara yalipambwa kwa bakuli za Kichina. Na bakuli hizo hazikuletwa kwa miguu.

Zililetwa na biashara iliyoendeshwa na pepo mbili. Kaskazi, ivumayo tangu mwezi wa Desemba hata Machi, ilivileta vyombo vya Oman, Ghuba na Hadhramaut vikiwa na tende, chumvi na papa mkavu. Na Kusi, ishikapo mnamo Aprili, ikavirudisha kwao na boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji, maana katika nchi zile zisizo miti nyumba haikuezekwa ila kwa mbao za kigeni. Safari ilichukua majuma mengi, na habari zake tulizorithi huwa ni za dhoruba na miamba, hali wale waliosafiri waliishi siku nyingi zaidi za kawaida kuliko za hatari. Siku hizo za kawaida ndizo zinazostahili kuandikwa.

Nahodha alikaa tezi, karibu na usukani na dira. Abiria na bidhaa zao wakajibana sitahani. Na mabaharia wakalala popote palipopatikana nafasi, juu ya kamba au juu ya shehena. Alfajiri watu walitawadha kwa maji ya bahari, ambayo sharia imeyahukumu kuwa tohara, wakasali hali ya kuwa chombo kinaenda. Na kwa kuwa Makka iko kaskazini ya pwani yetu, aliyekuwa akirejea Uarabuni alielekea omo, yaani mbele ya chombo, kwa takriban, na aliyekuwa akija huku akaelekea tezi. Baada ya sala zilianza kazi. Aliyekuwa zamuni alishuka ngamani na upo wake kuyafua maji yaliyopenya usiku, kwani hakuna chombo cha mbao kisichovuja, hata kikiwa kimekalafatiwa vema. Na ndipo mtu alipofahamu kwa mikono yake maana ya kauli ya wahenga, hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Jiko lilikuwa kasha la mbao lililojazwa udongo, moto ukiwaka juu yake pasipo kuigusa sitaha, na mpishi akipika wali kwa samaki aliyenaswa na mshipi, au mkate, tende na samli siku ambayo mshipi haukupata kitu. Watu walizunguka sinia wakala kwa mkono. Maji matamu ndiyo yaliyokuwa chini ya ulinzi mkali kuliko mali yote: yalitolewa kwa kiasi, yakinywewa tu na kupikiwa, na ambaye angeliyaogea angelihesabiwa kuwa amewadhulumu wenziwe wote.

Kazi nzito ilikuwa kulipandisha tanga. Foromali ya jahazi kubwa, mti uchukuao tanga, haikuinuliwa na watu wachache, hivyo wote walishika kamba wakavuta kwa wimbo, mmoja akianzisha na waliobaki wakiitikia, ili nguvu zao zianguke kwa pamoja. Ijara haikuwa mshahara. Gharama za chakula zilipokwisha kutolewa, mapato yaligawanywa mafungu, la chombo na ya watu, naye nahodha akipata zaidi ya baharia. Na kwa hiyo safari iliyopata hasara iliwaingilia wote, mwenye kuamrisha na mwenye kufua ngama.

Baharia Alan Villiers wa Australia, aliyepanda bumu la Kuwait huko Aden mwaka 1938 chini ya nahodha Ali bin Nasir al-Najdi, akafika nalo Unguja na Rufiji mwaka 1939, aliyaandika mambo hayo kama alivyoyaona kwa macho yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1940. Alipata bahati ya kuwahi, kwani baada ya muda si mwingi mafuta yalizitajirisha nchi za Ghuba, nyumba zao zikajengwa kwa saruji na chuma, na haja ya boriti zetu ikatoweka pamoja na vyombo vilivyozifuata.

Jahazi na ngalawa zingalipo kwetu, na wazee waliowahi kusafiri na pepo hawajesha wote. Basi nawasihi walimu wa Kinondoni na Temeke wawapeleke wanafunzi wao Kunduchi wakayaone makaburi yale, kisha wawaketishe mbele ya wazee wa pwani, daftari mkononi, waulize juu ya maji, zamu na mafungu. Kwa maana magofu yatadumu kitambo, bali aliyeijua kazi akifa hufa na elimu yake.