Daftari la mvua la Amani na macho mapya ya rada

Mvua nyingi ya Amani haiji na ngurumo. Unyevu wa Bahari ya Hindi hukwea kuta za milima ya Usambara Mashariki, hupoa, kisha hushuka juu ya msitu kutoka mawingu mafupi yanayogusa miti. Kwa mwaka hufikia milimita 1,900 hivi. Tunalijua hilo kwa sababu tangu mwanzo wa karne iliyopita, kizazi baada ya kizazi, palikuwa na mtu aliyetoka asubuhi, akamimina maji ya kipima mvua kwenye bilauri yenye mistari, akasoma, akaandika.

Kazi ya mtu huyo sasa inahamia kwenye mitambo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) imekuwa ikijenga mtandao wa rada saba, ulioanzia Dar es Salaam, ukafuata Mwanza na Mtwara. Vituo vinavyojiendesha vyenyewe vinaongezeka, na vipimajoto vya zebaki vinaagwa, kwa kuwa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kuvitengeneza na kuviuza nje. Ni hatua ya kujivunia. Lakini anayetaka kujua namna ya kuipiga hatua hiyo bila kupoteza kitu, apande Amani kwanza.

Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti wa kilimo na baiolojia hapo mwaka 1902. Waingereza waliifufua katika miaka ya 1920. Baada ya Vita Kuu ya Pili utafiti wa kilimo ukahamishiwa Muguga, Kenya, na majengo yakaachiwa watafiti wa malaria, ambao urithi wao uko leo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu.

Thamani ya daftari la mvua la Amani ilidhihirika wakati wa ugomvi wa msitu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, kiwanda cha Sikh Saw Mills cha Tanga, kwa msaada wa Finland, kilivuna magogo kwa mashine kwenye misitu hii. Matrekta yalifungua njia kwenye miteremko mikali, na mianya ikabaki mahali palipokuwa na kivuli cha karne nyingi. Wanasayansi walipinga kwa nguvu. Hapa ndipo yanapotoka maji ya mto Zigi, na Zigi ndio unaoinywesha Tanga mjini. Wenyeji nao walisema nchi imepata joto na mvua haiaminiki kama zamani.

Madai ya namna hiyo hayaamuliwi kwa kumbukumbu ya wazee peke yake. Mwanasayansi Alan Hamilton na wenzake walizifungua takwimu za Amani, mwaka baada ya mwaka, na kitabu alichokihariri pamoja na Robert Bensted-Smith kikachapishwa na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, mwaka 1989. Uvunaji wa mashine ulikuwa umekwisha kusimamishwa. Finland yenyewe iligeuka kufadhili uhifadhi, na mwaka 1997 Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ikatangazwa. Hoja ya kwamba kukata miti ndiko kulikobadilisha mvua haikumalizika, ila kila upande ulilazimika kubishana na tarakimu. Milima mingapi ya nchi hii ina bahati hiyo?

Bahati hiyo ni dhaifu. Ukikihamisha kipima mvua hatua chache, au ukiuacha mti ukue kando yake, hesabu inabadilika ilhali mvua ni ileile. Chombo cha kujiendesha kina kidumu kidogo kinachopinduka kila kikijaa. Mvua ikimwagika kwa nguvu, matone hupita wakati kinapinduka, na jumla hupungua.

Rada nayo ina mipaka yake. Kutoka Dar es Salaam hadi Amani ni takriban kilomita 200 kwa mstari ulionyooka. Dunia ni mviringo, na mwale hurushwa ukiwa umeinuka kidogo. Kwa hiyo ukifika huko uko kama kilomita 4 juu ya usawa wa bahari, wakati Amani yenyewe iko mita 900 hivi. Rada itaziona dhoruba kubwa za masika. Mvua ile ya mawingu mafupi, inayoulisha msitu, inaweza kunyesha chini ya macho yake bila kuonekana.

Ndiyo maana Shirika la Hali ya Hewa Duniani linashauri chombo cha zamani na kipya vifanye kazi bega kwa bega kwa angalau mwaka mmoja, ikiwezekana zaidi, ili tofauti yao ijulikane. Muda huo una gharama: mshahara wa mpimaji, bati la kibanda, karatasi. Ni gharama ndogo sana ukilinganisha na bei ya rada moja.

Tunawaomba wenye dhamana: popote Usambara kifaa kipya kinapofungwa, kile cha zamani kisingʼolewe mpaka viwili hivyo vimelinganishwa, na madaftari yote ya Amani yanakiliwe kwenye kompyuta kabla unyevu wa mlima huo haujayala.