Dhamira na Maudhui: Historia ya Istilahi Mbili katika Uhakiki wa Hadithi Fupi

Istilahi za fasihi mara nyingi hufundishwa kana kwamba zilizaliwa siku moja na kupewa maana moja. Mwanafunzi hukariri orodha yake, kisha huitwaa hadithi fupi na kuibandika majina: hapa pana taharuki, hapa kinaya, hapa dhamira. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa kufuata istilahi mbili tu, kwamba neno lina safari yake, na kwamba mwalimu asiyeijua safari hiyo huenda akamhukumu mwanafunzi kwa kosa lisilo lake.

Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu. Maudhui ni jambo lililowekwa mbele ili lizungumzwe. Dhamira ina nasaba moja na dhamiri, yaani lile lililofichika moyoni. Hata leo, mtu asemapo kwamba amedhamiria kusafiri, hataji mada bali nia yake. Neno la kwanza, basi, laelekea kwenye kinachosemwa. La pili laelekea kwa anayesema.

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili kwa lugha ya Kiswahili ulipata nguvu Dar es Salaam kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1971 kilitoka kitabu cha kwanza cha Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili, kilichohaririwa na Farouk Topan. Hizo zilikuwa nyakati za Azimio la Arusha la 1967, na wahakiki wengi walitaka kujua kazi ya fasihi inamtumikia nani. Maudhui yakawa jina la jumla la yote yasemwayo na kazi, yakisimama mkabala na fani. Na ndani yake zikapangwa dhamira, ujumbe, msimamo na falsafa. Kwa mpango huo, ukombozi ni dhamira, rushwa ni dhamira, na hadithi moja yaweza kuwa na dhamira kadhaa.

Nchini Kenya, ambako Kiswahili kilifanywa somo la lazima la mtihani katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, madarasa mengi yalizoea mgawanyo mwingine. Rushwa na ukombozi huitwa maudhui. Dhamira ni lengo la mwandishi. Mwanafunzi aliyefunzwa Arusha akijibu swali la dhamira mjini Nairobi, huenda akakosa alama ilhali ameielewa hadithi barabara.

Je, tofauti hii ni ya majina tu? Tuchukue Kisa cha Punda wa Dobi, kilichochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyiko wake wa hadithi za Unguja. Papa amchukua kima baharini kwa hila, akiutaka moyo wake uwe dawa ya sultani. Kima asema moyo ameuacha mtini. Arudishwa pwani, naye apanda mti asishuke tena. Papa amwitapo, kima amsimulia habari za punda aliyeponea chupuchupu makuchani mwa simba, kisha akashawishika kurudi na kuuawa.

Hapa hadithi imo ndani ya hadithi. Maudhui ya visa vyote viwili yanakaribiana: hila na usaliti. Lakini kima ana nia yake mwenyewe ya kusimulia: kukataa kurudi baharini. Msimulizi wa Unguja naye ana hadhira nyingine na nia pana zaidi. Tukiziita hila, usaliti na nia hizo zote kwa jina moja la dhamira, tutapoteza jambo ambalo kisa hiki kinatufunza waziwazi, kwamba hadithi moja hubadilika kazi kulingana na anayeisimulia na anayesimuliwa.

Kwa sababu hiyo twaona matumizi yaliyozoeleka Kenya yako karibu zaidi na asili ya neno. Hata hivyo, mpango wa Dar es Salaam una hekima yake: kwa kuiweka dhamira ndani ya maudhui, unatukumbusha kwamba nia ya mwandishi haina budi kutafutwa katika maandishi yenyewe, si katika ramli. Mtahini na aipime hoja kabla ya kulipima jina lake. Na mwalimu, kabla ya kutoa orodha, aeleze kila neno analitumia kwa maana ipi.