Majira Katika Picha: Dzaleka na Lilongwe

Mwalimu wa Kiswahili anapofundisha majira ya mwaka huandika ubaoni maneno manne: kiangazi, masika, kipupwe na vuli. Maneno hayo ni ya pwani, penye pepo za kaskazi na kusi. Je, yafaa kuyafundisha vivyo hivyo katika makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, ambako Kiswahili husemwa kila siku mbali na bahari? Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba picha za mandhari, zikipigwa mwaka mzima na kuandikwa tarehe, zaweza kulijibu swali hilo, na pia kuhifadhi historia.

Upigaji picha pande hizi si jambo la jana. Msafara wa David Livingstone katika mto Zambezi, wa miaka ya 1858 hadi 1863, ulikuwa na kamera. Ndugu yake Charles ndiye aliyepewa kazi ya kupiga picha, lakini John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza huko Unguja, naye alipiga. Kwa kuwa Kirk aliandika pia shajara, mtafiti wa leo aweza kuzisoma picha zake pamoja na habari za safari. Hilo ndilo funzo la kwanza: picha hugeuka kuwa hati pale inapojulikana ilipigwa wapi na lini. Hata hivyo, Kirk alikuwa mpita njia. Aliuona mti siku aliyoufikia. Hakukaa auone ukipukutisha majani na kuchipua tena.

Wakazi wa Dzaleka wana nafasi hiyo. Mahali hapo, katika wilaya ya Dowa, palikuwa na gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa utawala wa Kamuzu Banda. Mwaka 1994 palifanywa makazi ya wakimbizi. Yalikusudiwa watu wapatao 10,000. Leo yana zaidi ya 50,000, wengi wao wakitoka Kongo, Burundi na Rwanda. Tumezoea kuonyeshwa picha za makazi ya namna hii zenye foleni za chakula na nyuso za huzuni. Ni nadra kuonyeshwa kilima, shamba au ndege wa mahali hapo, kana kwamba mkimbizi huishi pasipo na nchi.

Tuseme basi mwanafunzi anapiga picha ya kilima kile kile kila mwezi. Mwezi wa Oktoba ataona vumbi na moshi wa mioto ya nyika, na miyombo iliyosalia ikitoa majani mapya mekundu. Desemba ataona mahindi machanga, na kumbikumbi wakiruka baada ya mvua. Machi mahindi yamempita kimo. Juni, asubuhi, ni baridi na nyasi zinaanza kukauka. Atakapozipanga picha zake atatambua kwamba Malawi ina msimu mmoja tu wa mvua, yapata Novemba hadi Aprili, na kwamba vuli ya pwani haina pake hapo.

Wachewa huuita msimu huo dzinja. Manyunyu ya kwanza, yanayozima mioto ya nyika, ni chizimalupsa. Na mvua za mwisho ni mvula ya masika. Tazameni: neno masika lipo katika lugha zote mbili, lakini kwa Mswahili ni mvua kubwa za Machi hadi Mei, na kwa Mchewa ni mvua za kufungia msimu. Vivyo hivyo kumbikumbi wetu ni ngumbi wao, na fisi ni fisi kotekote.

Fisi huyo hupatikana hata Lilongwe, mji mkuu tangu mwaka 1975, kwa kuwa msitu umehifadhiwa katikati ya mji kando ya mto Lingadzi. Yapata Septemba na Oktoba mijakaranda ya mjini huchanua zambarau. Kutoka Dzaleka hadi huko ni kati ya kilometa 40 na 50, lakini si safari nyepesi kwa kila mtu. Machi 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi walioishi nje ya makazi warudi Dzaleka. Mtoto aliyekulia mjini akaiacha mijakaranda ile, huenda asiione tena ila katika picha. Na miti ya vilimani nayo hukatwa kwa kuni na makaa. Bila picha ya jana, nani atathibitisha kesho kwamba palikuwa na msitu?

Yatupasa sisi walimu tuianze kazi hii. Simu moja yenye kamera yatosha darasa zima. Wanafunzi wachague mahali pamoja, wapige picha kila mwanzo wa mwezi, na chini ya kila picha waandike tarehe, mahali, jina la kitu kwa Kiswahili, kwa Kichewa na kwa lugha ya nyumbani, pamoja na jina la mpiga picha akipenda. Madarasa ya Dzaleka na ya Lilongwe yabadilishane picha hizo. Baada ya miezi 12 maneno yale manne ya ubaoni yatakuwa yamepimwa kwa macho, na watoto walioambiwa kwamba wao ni wapita njia watakuwa wameandika historia ya mahali wanapoishi.